Sensa inasema tumeongezeka, mbona kijijini kwetu kaburi limechimbwa na bodaboda?

Isale Bichi (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanichanganya naomba mwenye kujua anieleze, na tafadhali tusigeuze uzi kuwa wa siasa.

Mimi ni wa Mwika, Moshi Vijijini, ila nipo Dar huu mwaka wa 19. Kama mjuavyo sisi Wachaga tunapanda mlimani kwenda nyumbani Disemba, kila mtu na gari lake, foleni mpaka migombani, mbuzi wanaisha, mbege inanywewa mpaka asubuhi, ukiangalia unasema hiki kijiji kimejaa watu balaa. Sasa mwaka huu mwezi wa sita mzee jirani yetu akafariki nikapanda kuzika. Sikuwahi kufika nyumbani mwezi wa sita tangu nimalize shule. Ukungu, baridi, kimya kabisa. Kutoka barabarani mpaka kwetu ni kama dakika 20 kwa mguu, nimekutana na watu wanne tu, watatu ni akina bibi wana mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani na mmoja mtoto katumwa chumvi. Njiani nimepita mageti mazuri mazuri, ghorofa moja ile ya vioo vya bluu, yote kufuli.

Kilichonishika ni kaburi. Zamani kwetu mtu akifa vijana wa kitongoji wanajikusanya wenyewe bila kuitwa, kila nyumba inatoa sururu na koleo, mnachimba kwa zamu huku wazee wamekaa pembeni wanatoa maelekezo ambayo hakuna aliyewaomba. Safari hii saa tatu asubuhi tumesimama pale wanaume tisa, mdogo kuliko wote ni mimi, na mimi nina miaka 43 na mgongo wa kukaa ofisini. Nimepiga sururu dakika kumi malengelenge haya hapa. Ikabidi mtoto wa marehemu apige simu barabarani, wakaja bodaboda watano, wakapatana bei, wakachimba huku wamefungulia redio. Mmoja ameshafika kiunoni ndani ya shimo ndo anatuuliza, samahani wazee, hivi marehemu ni nani? Aliyekuwa anawaongoza ni kijana anayekaa na mama yangu, na yeye mwenyewe si wa kwetu, katoka Singida.

Baadaye nikaongea na mwalimu wa shule ya msingi niliyosoma. Sisi darasa la kwanza tulikuwa mikondo miwili, dawati moja watoto watatu, wa nne anakaa kwenye tofali. Mwaka huu ameandikisha 17. Anasema kuna madarasa mawili wamegeuza stoo.

Nikasema basi ngoja niangalie sensa. Mkoa wa Kilimanjaro 2012 tulikuwa 1,640,087, sensa ya 2022 tukawa 1,861,934. Tumeongezeka zaidi ya laki mbili! Sasa wakuu, hao laki mbili wamekaa wapi? Mimi sijawaona. Na kama ni kweli vijijini kunaisha, kuna sehemu yoyote hii nchi ambapo iliwahi kuisha halafu ikarudi?

Kichwa Ngumu

Wapo Kariakoo mkuu, pita mtaa wowote sema "mangi" uone vichwa vinavyogeuka 😂

Karani wa 2022

Mkuu Isale nimecheka kwa Kichwa Ngumu ila ngoja nikujibu kwa uzoefu maana mimi 2022 nilikuwa karani, si Mwika lakini ni huko huko mlimani, tarafa siitaji.

Kwanza elewa tunahesabu nini. Sensa yetu inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Haikuhesabu kwa kwenu ni wapi wala kwa kihamba chako, yaani lile shamba la ukoo, kiko wapi, inahesabu nani alilala humu ndani usiku ule. Wewe ulilala Dar, umehesabiwa Dar. Ile foleni yenu ya Disemba haimo kwenye namba hata kidogo, ingekuwa sensa inafanyika tarehe 25 mwezi wa 12 Kilimanjaro ingetisha nchi nzima.

Pili hao laki mbili. Namba uliyotoa ni ya mkoa mzima, na mkoa una Moshi mjini, una Boma Ng'ombe, una Himo, una tambarare yote ile ya chini. Watu wameshuka mkuu. Kijana wa Mwika au Marangu si lazima aende Dar, anapata kiwanja Himo anajenga, anafungua duka la vipuri, huyo bado ni mtu wa Kilimanjaro kwenye takwimu ila kwa mama yake juu kule hayupo. Halafu linganisha na nchi. Tanzania nzima ilitoka milioni 44.9 ikafika milioni 61.7, hiyo ni asilimia 37 ndani ya miaka kumi. Kilimanjaro imepanda asilimia 13 na kidogo. Kwa hiyo mmeongezeka ndiyo, ila wenzenu wamekimbia nyie mmetembea.

Sasa kitu nilichokiona mimi mwenyewe. 2022 zoezi lilikuwa na majengo pia, tunapita na vishikwambi tunaingiza watu halafu majengo. Kitongoji changu majengo yalinitesa kuliko watu. Kuna siku nimeingiza nyumba saba mfululizo, zote za tofali za kuchoma, bati za rangi, moja ina vyumba sita vya kulala, na kati ya hizo saba nimepata binadamu kwenye mbili. Nyumba moja bibi peke yake wa miaka 81, ya pili kijana mlinzi aliyetoka Kondoa na mbwa wawili. Nikamuuliza yule bibi maswali yote ya kaya akawa anajibu vizuri, nilipofika kwenye watoto aliowahi kuzaa akahesabu kwa vidole tisa, nikamuuliza wanaoishi hapa, akacheka akaniambia mwanangu wewe kunywa chai.

Na hapa ndo jibu la swali lako nadhani. Kijiji hakijaisha watu, kimeisha watu wa katikati. Wazee wapo, watoto wachache wapo, kuanzia miaka 20 mpaka 45 ndo shimo. Na huyo wa 20 mpaka 45 ndiye anayezaa. Ukiondoka na miaka 24 unadhani kijiji kimepoteza mtu mmoja, kumbe umeondoka na wale watatu ambao hujawazaa bado, wanazaliwa Mbezi wanaandikishwa shule Mbezi. Mwalimu wako ameandikisha 17 kwa sababu wale wengine mama zao waliondoka miaka 15 iliyopita. Halafu usisahau hata waliobaki hawazai kama bibi zetu, watoto watatu basi. Kuhama peke yake kusingefanya hivyo.

Ng'wana Mpanda

Naomba nichangie kutoka upande wa pili maana mkisema vijijini kunaisha sisi wa Katavi tunawashangaa. Huku kwetu watu wanaingia mpaka tunaogopa. Sensa ya 2012 Katavi tulikuwa 564,604, sensa ya 2022 ni 1,152,958. Zaidi ya mara mbili! Ndo mkoa ulioongezeka kwa kasi kuliko yote nchini na huku hatuna jiji, hatuna viwanda vya kusema, ni mashamba na pori.

Mimi ni mmoja wao. Baba alitutoa Maswa nikiwa kidato cha pili, mwaka 2009. Sababu ni rahisi, tulikuwa na ng'ombe kama 60 na eneo letu la malisho limekatwa katwa hadi ng'ombe wanachunga barabarani, ukiacha wageuke upande wanaingia pamba ya jirani, faini. Mjomba alishatangulia Mpimbwe akapiga simu akasema huku unalima hadi unachoka mwenyewe. Basi. Ng'ombe walitembea, akina mama na vyombo na kuku na plau juu ya lori. Tulipofika tulikuwa kaya nne chini ya mti mmoja mkubwa. Leo pale kuna senta, mashine za kukoboa mpunga tatu, misikiti, makanisa, gesti mbili na wakala wa pesa kila mlango.

Kwa hiyo mkuu usifikiri kuhama ni kijiji kwenda mjini tu. Sisi ni kijiji kwenda kijiji na wala haliandikwi sana. Lakini nisikudanganye kwamba ni raha. Darasa la kwanza hapa mwalimu mmoja ana watoto 140, nusu wako nje chini ya mwembe wanasubiri zamu. Msitu tuliokuta nyuma ya senta ulikuwa unatoa asali, sasa unaona moja kwa moja mpaka milimani. Na wenyeji, Wapimbwe na Wabende, mzee mmoja aliwahi kuniambia kwenye mkutano wa kijiji Kiswahili chenyewe sasa nakisikia kwa lafudhi yenu. Alisema kwa utani lakini hakucheka.

Cha ajabu ni hiki, Maswa tulikotoka hakujapungua kitu. Nimeenda 2021 kusalimia, shule ileile imejaa vilevile. Bibi yetu alizaa kumi, shangazi nane, mkiondoka wanne nyuma wanabaki wanne na wao wanazaa. Karani kasema kweli, inategemea wangapi wanazaliwa nyuma yako.

Mke wa Kitindamimba

Nimesoma wote mnaongea namba. Mimi ndo naishi huko mnakokuita kijijini, na nimeolewa na kitindamimba kwa hiyo mnajua nyumba ya wakwe ni yetu na mama mkwe ni wetu. Mume wangu yuko Arusha. Kwa hiyo "wetu" hapo ni mimi.

Siku yangu iko hivi. Saa kumi na moja nimeamka, ng'ombe mmoja na ndama, mama mkwe ana sukari na macho hayaoni vizuri, chai ya hawa na uji wa yule. Majani siku hizi kwenye kihamba hayatoshi, ukame kidogo tu naagiza ya tambarare yanapandishwa na kirikuu, unanunua kwa fungu na fungu lenyewe linazidi kuwa jembamba. Tulikuwa na ng'ombe watatu, tumeuza wawili, si kwa njaa, ni kwa sababu hakuna wa kukata majani. Mbolea imepungua, migomba imekonda, mshare, ndizi zetu za kupika, zamani mkungu nilikuwa sibebi peke yangu, sasa naushusha kwa mkono mmoja. Ndivyo kihamba kinavyokufa, hakifi kwa siku moja.

Mfereji ndo usiseme. Unatoka juu huko unapita kwa watu zaidi ya arobaini. Zamani msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ukipigwa kila nyumba inatoa mwanaume, ndani ya siku moja tope lote limetolewa mpaka kwenye kibwawa. Mwaka jana tulikwenda wanawake kumi na mmoja na wazee watatu. Wenye nyumba za kufuli wanatuma faini kwa simu! Wanalipa kweli, kwa wakati, sina ugomvi. Ila hela haizibui mfereji, hela inakaa kwa katibu na maji hayaji.

Halafu watoto. Karani umesema watoto wachache wapo, nikuambie ni akina nani. Kwa majirani zangu wawili wanalelewa na bibi, mama zao wako Arusha na Dar, wamezaa, kazi haziruhusu, wakaleta. Ndo hao wamo kwenye 17 za mwalimu. Wakifika darasa la nne au la tano wanachukuliwa kwenda shule za kulipia. Kwa hiyo hata hao ni wa kuazima.

Sijasema mrudi. Mrudi mfanye nini, mimi mwenyewe binti yangu namwambia soma uondoke. Ila msije mkatuambia Disemba kwamba kijiji kimepoa.

Kichwa Ngumu

Dada hapo kwenye faini umenipiga mimi moja kwa moja. Mwezi wa pili nimetuma elfu ishirini nikajiona raia mwema.

Ila serious sasa, kama hamna wa kulima si muuze? Vihamba viko mahali pana mvua, barabara, umeme, maji. Mtu wa nje anunue alime. Mnang'ang'ania udongo ambao hamuugusi.

Meku wa Zamani

Wewe kijana hilo jina umelichagua vizuri.

Wanangu mimi nina miaka 74, mjukuu ndiye aliyeniwekea hii kitu kwenye simu. Nataka niwaambie kwamba mnaongea kama kuondoka kumeanza na nyinyi. Kuondoka kulianza zamani na mila yenyewe ilikuwamo. Kwetu kifunguamimba anapewa sehemu yake, kitindamimba anabaki na nyumba ya baba na mama, kama alivyosema huyo mama. Wa katikati je? Enzi za mababu mangi, yaani chifu, alikuwa anampa pori apande isale, ule mmea wa kuwekea mpaka, hapo ndo kwake. Pori likaisha. Baba yangu alikuwa wa tatu kati ya wana sita, alipewa kipande cha kulaza mbuzi. Akaenda reli. Kwa hiyo mtoto wa katikati kwetu alizaliwa na safari.

Kilichotusaidia ni kahawa. KNCU, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianza 1933, mimi nimeikuta ikiwa na nguvu, malipo ya pili yakitoka mji wote wa Moshi unajua. Mbuni ulikuwa haung'olewi, kung'oa mbuni ilikuwa kama kumtukana mzazi. Kahawa ndiyo iliyotujengea shule na kulipa ada, tukasomesha watoto mpaka wakaondoka. Hilo hatukuliona wakati ule, tuliona sifa tu, fulani mtoto wake daktari, fulani mtoto wake yuko Ulaya. Halafu 1989 ule utaratibu wa nchi wazalishaji kugawana mauzo duniani ukasimama, bei ikaanguka. Mimi nilikuwa na mibuni zaidi ya mia nne. Mwaka ule nilipeleka magunia nikarudi na hela ambayo haikutosha dawa ya kupuliza msimu uliofuata. Waliokuwa wamebaki wakakosa sababu. Kabla ya hapo waliondoka wasio na ardhi, baada ya hapo hata kitindamimba akaondoka akafunga mlango.

Kuhusu kuuza. Ardhi ya kihamba ina watu chini. Baba yangu yuko hatua kumi na mbili kutoka ninapokaa sasa hivi, naona migomba iliyoota juu yake. Nimuuzie nani?

Mwera wa Nachingwea

Shikamoo mzee. Mimi napenda kumjibu mwenye uzi swali lake la mwisho, kama kuna sehemu iliwahi kuisha ikarudi. Angalia Lindi.

Sisi tulikuwa mfano wa kuondoka. Hata neno machinga mnalotumia nchi nzima limetoka kwetu, Machinga ni sehemu ya Lindi, vijana wetu ndo walikuwa wa kwanza kwanza kutembeza bidhaa mkononi Dar wakaitwa kwa jina la kwao. Mpaka sensa ya 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 864,652 na tulikuwa miongoni mwa wa mwisho kabisa kwa kuongezeka. Sensa ya 2022 tumefika 1,194,028, asilimia 38, tumeipita hata kasi ya nchi!

Ila usishangilie haraka. Wale vijana waliokwenda Dar wengi hawajarudi, mjomba wangu bado yuko Mbagala. Walioongeza namba ni pamoja na wageni. Wafugaji walipoondolewa Ihefu kule Usangu mwaka 2006 kuingia 2007, kuna walioletwa huku kwetu, wakaita ndugu, ndugu wakaita ndugu. Halafu ufuta ukawa na bei, korosho ikawa na bei, watu wa mikoa mingine wakaja kulima. Kwa hiyo kijiji kimejaa tena lakini si kwa watu walewale. Na kuna ugomvi wa mashamba na ng'ombe kila mwaka, wala sifichi. Bibi yangu ana shamba la korosho na jirani yake anaitwa Masanja, wanasalimiana kila mtu kwa lugha yake na wanaelewana mpaka ng'ombe watoroke.

Msee wa Mbale

Niaje wadau, mimi ni Mkenya huwa nasoma tu lakini hii imenigusa. Natoka Vihiga, magharibi mwa Kenya. Vile mnaongea ni kama mnaongelea ushago, yaani kijijini kwetu, tofauti ni kwamba sisi hatujaisha, tumebanana.

Vihiga sensa ya 2009 tulikuwa 554,622, ya 2019 tukawa 590,013. Hiyo ni kama asilimia sita, na Kenya nzima ilipanda asilimia 23. Kwa hiyo watu wanatoka kila siku, basi za usiku za Nairobi zinajaa, na bado ukisimama kwa boma yetu unaona boma zingine nane bila kugeuza shingo. Shamba ya babu ilikuwa eka tano, baba na ndugu zake wanne kila mtu moja, mimi na ndugu zangu watatu kila mtu robo. Hiyo robo ukitoa nyumba na choo na kaburi ya mzee, mahindi inabaki ya kuchoma tu.

Kitu nataka kuongeza ni nani anaenda. Kwetu wanaume ndio wanaenda kwanza. Hiyo sensa ya 2019 wanawake walikuwa 306,323, wanaume 283,678. Hesabu tofauti hapo. Nenda kanisani Jumapili, nenda kwa chama, nenda mkutano wa chifu, ni akina mama. Mama yangu ndiye mwenye boma kwa kila kitu isipokuwa karatasi ya shamba.

Hiyo ya kaburi kuchimbwa na boda imeniuma lakini. Kwetu bado vijana wa kuchimba wako. Ni chakula tu wanataka, na wanataka mingi.

Karani wa 2022

Mkenya asante, hiyo ya jinsia na Kilimanjaro ipo. 2022 wanawake 954,298, wanaume 907,636. Mke wa Kitindamimba hajaota.

Ila Mwera ndo kanifanya nifikiri. Swali la mwenye uzi labda halikuwa watu wamekwenda wapi. Labda ni nani ataruhusiwa kuja. Katavi na Lindi wageni waliingia kwa sababu ardhi ilikuwepo na mtu alikaribishwa au alijikaribisha. Kilimanjaro ardhi ipo imefungwa kufuli, na yule mlinzi wa Kondoa niliyemhesabu yuko pale anamlindia mtu vyumba sita.

Isale Bichi

Wakuu nimesoma yote nimechelewa kujibu kwa sababu. Mzee Meku shikamoo sana. Dada yangu Mke wa Kitindamimba nisamehe, na mimi ni wa kutuma faini.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikuandika mwanzo. Yule kijana wa Singida anayekaa na mama yangu alikuja miaka minane iliyopita kukata majani. Alikuja na begi la mgongoni. Sasa hivi ana mke na watoto wawili, wanakaa kwenye ile stoo ya kahawa ya baba, tumeiwekea dirisha tu. Yeye ndo anampeleka mama kliniki, yeye ndo anakwenda msaragambo kwa jina la nyumba yetu, na mwanae wa kwanza kumbe yumo kwenye wale 17. Nimekuja kulijua hilo kwa mwalimu, si kwa mama.

Siku ya tatu baada ya msiba mama ananimenyea ndizi za mtori akaniambia bila kuniangalia, huyu mtoto anaomba sehemu ya kufyatulia tofali, ajenge vyumba viwili kule chini karibu na mfereji. Nikamwambia nitaongea na wenzangu. Chini kule kuna kipande kama robo eka, hakijalimwa tangu baba afariki, magugu yanakufika kifuani.

Jana usiku baada ya kusoma ya Karani nikaandika kwenye grupu la ukoo. Tuko 31 mle, wanaoishi Mwika ni mama na shangazi. Nimeeleza kila kitu, kaburi, mfereji, kliniki, nikasema tusimuuzie, tumkatie tu akae, tuandikishane kwa mwenyekiti wa kitongoji. Dada zangu wawili wamekubali palepale. Binamu wa Mwanza kaandika tu "mmh". Kaka mkubwa, ambaye ndiye kifunguamimba, aliyepo Canada, kaandika kihamba hakikatiwi mgeni, akituma watoto wake watakuja kujenga hapo.

Watoto wake wana miaka 22 na 19. Wamefika Mwika mara moja, 2014, mdogo alilia kwa sababu ya choo.

Nimemuuliza kaka, sawa, wanakuja lini? Tiki mbili za bluu tangu saa nne usiku.

Mke wa Kitindamimba

Muulize mama kama huyo kijana tofali ameshaanza kufyatua. Mimi nadhani ameshaanza.